Baruti ya Pwani, Wano la Porini

Kiswahili kina neno wano, ambalo siku hizi si wengi wanaolitumia. Ni mti wa mshale: si chembe ya chuma iliyo mbele wala manyoya yaliyo nyuma, bali ule ujiti mwembamba unaobeba vyote viwili na kupachikwa kwenye upote wa uta. Tukizungumzia mshale huwa tunaitazama chembe, kwa kuwa ndiyo itoboayo, au tunaiogopa sumu, kwa kuwa ndiyo iuayo. Ujiti tunauchukulia kuwa kitu cha kuokota tu. Mimi nadai kinyume chake. Katika nchi ya Unyamwezi, kuanzia Tabora hadi Nzega na Urambo, mshale uliishi sambamba na bunduki kwa zaidi ya karne moja, na sababu kubwa ya kudumu kwake ni kwamba sehemu yake iliyo ngumu kuliko zote kuipata ilikuwa ikiota jirani na nyumba, kwenye kichaka ambacho watoto walikijua kwa matunda yake.

Kichaka hicho ni mkole. Kwa hakika mikole ni mingi, aina kadhaa za jamii moja ambayo wanabotania huiita Grewia, na mwenyeji hahitaji jina la Kilatini ili kuzitofautisha: upo wenye majani meupe upande wa chini, upo wenye majani ya kukwaruza, upo unaokuwa mti mdogo na upo unaobaki kichaka maisha yake yote. Matunda ni madogo kama mbaazi, ya rangi ya chungwa au hudhurungi yakiiva, yenye nyama nyembamba tamu juu ya kokwa ngumu. Mtu mzima huyaona si kitu. Mtoto aliyepelekwa kuchunga huyatafuna siku nzima. Ukoo wa mkole utawashangaza wengi, maana umo nyumba moja na mlenda, bamia, pamba na mbuyu. Undugu huo si wa vitabuni tu. Ganda lake lina ute kama mlenda, na lina nyuzi ndefu za kusokota kamba kama ganda la mbuyu. Chini ya ganda mna mti mgumu unaokubali kupindwa bila kukatika, ndiyo maana Wamaasai, wanaouita mmoja wa mikole hii esiteti, hukata humo fimbo na mishale yao. Wazaramo nao waliupa heshima ya namna nyingine: katika unyago wao, mwali hufundwa chini ya mkole, mti uzaao sana.

Lakini mkole ulioachwa ukue upendavyo hautoi mshale wa maana. Matawi yake huenda huku na huko, hugawanyika, hujipinda yakitafuta mwanga. Wano zuri hutoka kwenye kisiki. Mkole ukikatwa, ukiungua au ukitafunwa na mbuzi, mizizi hubaki hai na akiba ya chakula iliyokuwa ya kichaka kizima. Mvua za kwanza zikinyesha, akiba hiyo yote huingia kwenye machipukizi machache, nayo hupanda juu moja kwa moja bila kupoteza muda kutoa matawi ya pembeni. Kila tawi la pembeni lingekuwa fundo, na penye fundo nyuzi za mti hulazimika kulizunguka; hapo ndipo ujiti unapopinda unapokauka, na hapo ndipo unapovunjika siku ya kazi. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hivi hadi Aprili, na kiangazi kirefu ambacho moto hupita katika miombo karibu kila mwaka. Kwa mkole, huo ni mzunguko wa kukatwa na kuchipua, na fito nyembamba zilizonyooka ndizo mazao yake.

Tukiliweka jambo hili kwenye njia ya misafara, picha ya njia yenyewe inabadilika kidogo. Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, pale ambapo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao ndio hasa waliokuwa na njia ile, walitembea kwa kasi zaidi, lakini nao walilala njiani usiku baada ya usiku, na kila kambi ilihitaji kuni, miti ya vibanda na boma la matawi ya kuzuia fisi. Kambi zilirudiwa msafara baada ya msafara, kwa kuwa zilifuata maji. Ni haki basi kukisia kwamba ile barabara ya Bagamoyo hadi Ujiji, tunayoifahamu kwa pembe za ndovu na kwa minyororo ya watumwa, ilikuwa pia mfululizo mrefu wa visiki vinavyochipua. Wenyeji wa California huko Marekani walikuwa wakichoma vichaka kwa makusudi ili wapate fito nyoofu za mishale na vikapu. Unyamwezi haikulazimu kukusudia; shoka la mpagazi na moto wa kiangazi vilitosha.

Kwa nini unyoofu na unene wa ujiti viwe na uzito wote huu? Kwa sababu mshale hauendi kama risasi ndani ya mtutu. Upote unausukuma kwa nyuma, chembe inakaidi mbele kwa uzito wake, na ujiti ulio katikati hujipinda kama samaki majini. Uta wenyewe umesimama njiani: mshale hupita ubavuni mwake, na ni kule kujipinda kunakouwezesha kuuzunguka bila kuugonga, kisha ukanyooka na kushika shabaha. Picha za kasi zilizopigwa Marekani katika miaka ya 1930 zilidhihirisha jambo hili, ingawa mikono ya mafundi ililijua kabla ya kamera yoyote. Ujiti mgumu mno huuparuza uta na kwenda upande. Ukiwa mlegevu mno huyumba, na ukikutana na uta wenye nguvu unaweza kupasuka mkononi. Hesabu yenyewe haina huruma, maana ugumu wa ujiti wa mviringo huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wake. Ujiti wa milimita 9 unaupita wa milimita 8 kwa ugumu kwa asilimia 60, ilhali uzito umeongezeka kwa takriban robo tu. Milimita moja, ambayo hakuna jicho lingeihangaikia kwenye mpini wa jembe, hutenganisha mshale unaokwenda na mshale unaopotea. Na haitoshi kuwa na mmoja mzuri. Mfumaji anahitaji mishale inayofanana, la sivyo kila anapobadilisha mshale ni kama amebadilisha uta.

Kazi ya kuutengeneza nayo ni ya subira kuliko ya nguvu. Fito hukatwa mbichi, nyingi kuliko zinazohitajika, kwa kuwa baadhi zitaharibika. Humenywa ganda, hukaushwa taratibu mbali na jua kali lisije likazipasua, kisha moja baada ya nyingine hupitishwa juu ya moto. Joto hulainisha ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Penye kona pakipindwa upande wa pili na kushikiliwa hadi papoe, hubaki palivyowekwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mashariki mwa Tabora, hufanya hivyo hadi leo kwa mikono na meno: mtu anauma ufito uliopashwa moto, anauvuta, anaufumbia jicho moja kuutazama urefu wake, anaurudisha motoni. Mishale yao hukaribia mita moja, na nyuta zao si za mchezo, kwani zilipopimwa ilionekana kuuvuta upote mmoja kunahitaji nguvu ya kuinua kilo 30 hivi. Fito za vichaka vya jamii ya mkole ni miongoni mwa wanazotumia, na mmoja wa mikole hiyo ndio unaozaa kongolobi, tunda ambalo wanawake na watoto wao hulichuma kwa wingi msimu wake ukifika. Yaani mume na mke wanaweza kukikaribia kichaka kimoja, mmoja akitazama kilicho juu ya tawi na mwingine akilitazama tawi lenyewe.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kuhusu thamani ya ujiti unatoka mbali na Tabora. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, yule anayeitwa Ötzi. Katika ziaka lake mlikuwa na mishale 14. Miwili tu ilikuwa imekamilika. 12 iliyobaki ilikuwa mawano matupu, bila chembe na bila manyoya, na karibu yote yalitokana na fito za kichaka cha huko kizaacho matunda madogo, kiitwacho Viburnum lantana. Tazama alichochagua kubeba mlimani. Jiwe la kuchonga chembe angeweza kulimaliza kwa jioni moja karibu na moto, na manyoya angeyapata kwa ndege yeyote. Ufito mnyoofu, uliokauka na kulingana na uta wake, asingeupata kwa jioni moja. Mtu yule, ambaye hakuwa na namna ya kujua lolote kuhusu Unyamwezi, alikuwa na mawazo yale yale: pata ujiti kwanza, mengine yatafuata.

Msomaji wa Tabora ataniuliza kuhusu matete. Mito ya Ugalla na Malagarasi imejaa matete, nayo hukua yamenyooka bila kukatwa na mtu wala kupashwa moto. Hoja ni ya kweli, na Wasani wa Kalahari wamekuwa wakitumia matete kwa mishale yao tangu zamani. Lakini mshale wa Msani ni mwepesi, wa uta mdogo, na kichwa chake hutengenezwa kwa kipande cha pekee kinachochomekwa mbele, kwa sababu tete ni bomba: ukilipigilia mkia wa chembe ya chuma, linapasuka. Ufito wa mkole umejaa ndani. Hutobolewa ukapokea chuma, ukafungwa kwa ukano, na kuhimili uta mzito. Zaidi ya hayo, tete linafuata maji. Sehemu kubwa ya Unyamwezi ni mahali ambapo wakati wa kiangazi hata maji ya kunywa yalichimbwa mtoni kwenye mchanga. Mkole uko palipo na watu.

Wengine watasema kwamba ninasifia kamba na kusahau ng'ombe; kilichompa mfumaji wa Afrika Mashariki nguvu ni sumu, na ukiwa na sumu kali ujiti wowote unatosha. Kweli sumu ilikuwa kali. Mmea mmoja wa nchi hizi unaotumika hivyo umepewa jina Strophanthus eminii, kwa heshima ya Emin Pasha, yule Mjerumani aliyepita Tabora mwaka 1890 na kupandisha bendera ya nchi yake. Ndugu wa mmea huo kutoka bonde la Zambezi ndio uliomfundisha daktari John Kirk, baadaye balozi wa Uingereza Zanzibar, kwamba sumu ile hupunguza mapigo ya moyo, baada ya mabaki yake kugusa mswaki wake. Ulaya ikaifanya dawa ya moyo. Ila sumu haina miguu. Lazima ipite ngozi na kuingia kwenye damu, na ili ifike huko lazima mshale ugonge pale ulipolengwa, tena ukiwa umenyooka, kwa maana mshale unaofika umelala ubavu huteleza juu ya ngozi ya pofu au nyati. Sumu humsamehe mfumaji aliyekosa moyo akapata paja. Haimsamehe aliyekosa mnyama. Kwa hiyo kadiri sumu ilivyokuwa ghali na ya hatari kuitengeneza, ndivyo ilivyokuwa upumbavu kuipaka kwenye ujiti mbovu.

Pingamizi zito zaidi ni la bunduki, nalo siwezi kulipita haraka. Ni wazi kwamba historia ya Tabora katika nusu ya pili ya karne ya 19 iliandikwa kwa baruti. Mirambo wa Urambo, alipoifunga njia ya misafara mwaka 1871 na kuwashinda Waarabu wa Unyanyembe pamoja na mgeni wao Henry Stanley, hakutegemea mishale. Rugaruga, yaani wapiganaji wake, walibeba magobori, ingawa na mikuki, na wengine nyuta. Pembe za ndovu zilileta bunduki, bunduki zikaleta pembe zaidi. Ikiwa basi mshale ulishindwa katika vita vilivyoamua hatima ya nchi, kuna haja gani ya kuulilia? Jibu langu ni kwamba tunachanganya maswali mawili. Silaha ipi ilishinda vita ni swali moja. Silaha ipi iliweza kukaa katika kila nyumba, mwaka wa neema na mwaka wa njaa, ni swali lingine. Gobori lilihitaji baruti, risasi na fundi, na baruti ilitoka pwani, safari ya miezi mitatu au zaidi, ikipita mikononi mwa kila mtemi aliyedai hongo njiani. Aliyeshika mlango wa baruti alimshika mwenye bunduki shingoni. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka mipaka kwa biashara ya silaha barani Afrika, na serikali ya Kijerumani ikafuatia kuzidhibiti. Mwaka 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe, boma lake likivamiwa na Wajerumani, alijilipua kwa baruti yake mwenyewe. Tangu hapo bunduki ikawa mali ya serikali na ya wachache wenye kibali. Mshale haukuwa na mlango wa kufungwa. Chuma chake kilitoka kwa mhunzi wa jirani au kwa jembe lililokwisha, ukano ulitoka kwa mnyama aliyechinjwa, na wano lilitoka kwenye kisiki.

Na ushahidi ulijitokeza tena karibu miaka 90 baada ya Isike, wakati ambapo wengi wangeapa kwamba mshale umekwisha kuwa pambo la ukutani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha silaha za moto mikononi mwa wahalifu, na wizi wa mifugo ukazidi Usukuma na Unyamwezi kuliko polisi walivyoweza kuukabili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye mpaka wa Kahama na Nzega, vijiji vilianza kujiunda katika vikundi vya ulinzi vilivyokuja kujulikana kama sungusungu, kila kikundi na mtemi wake, kila mwanamume akitakiwa awe na uta na mishale na filimbi ya kuitia wenzake. Katika miaka michache vilienea sehemu kubwa ya nchi, na mwaka 1989 Bunge likavitambua kisheria. Inasemwa kwamba uta wa sungusungu ulikuwa alama tu, kama kilemba cha mzee, na kwamba hofu ya uganga ilifanya kazi kubwa kuliko mishale. Huenda. Lakini alama nayo inahitaji kutengenezwa. Jaribu kuagiza kwamba kila mwanamume wa kila kijiji awe na silaha ifikapo mwezi ujao, bila fedha ya serikali na bila duka, uone kama agizo litatimia. Kule lilitimia, kwa sababu ujuzi ulikuwa haujafa na fito zilikuwepo.

Sheria ya leo haimwachii mtu kutembea na mshale wenye sumu kwenda kuwinda apendavyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974, na ile ya 2009 iliyoichukua nafasi yake, zinakataza kuwinda bila kibali na kuua kwa sumu, na sehemu ya bonde la Ugalla imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2019. Sioni sababu ya kulalamikia hilo. Tembo waliolisha biashara ya pembe ya Tabora hawakuisha kwa hiari yao. Ila anayedhani kwamba kuueleza mkole ni kumpigia debe jangili anapaswa kujua kuwa jangili wa leo hutumia zaidi bunduki na waya, vitu vya dukani. Kinachouondoa mkole ni tingatinga. Mwaka 1947 Waingereza walileta Urambo mradi wa karanga, pamoja na Kongwa na Nachingwea, na mashine zikang'oa vichaka kwa mizizi. Mradi ukafa kufikia 1951, na baadaye mashamba ya tumbaku yakashika nafasi, pamoja na njaa yake ya kuni za kukaushia majani. Shoka na tingatinga si kitu kimoja kwa mkole. Shoka huuacha na kisiki, na kisiki ndicho kiwanda. Mashine inapong'oa mizizi, fito hazirudi, na matunda yale ya watoto hayarudi pia.

Kwa kuwa mshale hauna tena soko, huenda matunda ndiyo yatakayokiokoa kichaka. Huko Sudan tunda la mkole mmoja, guddeim, huuzwa sokoni na kutengenezewa kinywaji, hasa mwezi wa Ramadhani. India hulima ndugu yake aitwaye phalsa kwa ajili ya sharubati, na wakulima wa huko hufanya kila mwaka jambo ambalo mpagazi wa Kinyamwezi alilifanya bila kukusudia: huukata mti hadi karibu na ardhi, kwa kuwa matunda huja kwenye machipukizi mapya. Fito wanazozikata hawazitupi, wanazifumia vikapu. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki na asali inayojulikana nchi nzima, na maua ya mkole, yale madogo ya manjano, ni malisho ya nyuki. Mrina asali anayefyeka njia ya kwenda kwenye mizinga yake mwezi wa Septemba anapita kando ya visiki hivyo hivyo, na akirudi Machi atazikuta fito zimesimama, nyingine zimefikia kifuani, nyembamba na zilizonyooka kiasi kwamba babu yake angesimama kuzichagua.